Mashine Iliyokata Pumzi Uwanjani

Wenzake kazini walimwita Pangaboi, na jina lilimkaa. Kama lile feni la darini, yule mama hakujua kutulia. Akiketi mguu unacheza, akisubiri chai ichemke anafagia, na mtu akimsimulia jambo refu yeye humalizia sentensi ili waendelee na mengine. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiendesha mashine ya kukata nyasi kwenye uwanja mdogo wa ndege, ile ya kupanda na kukalia kama trekta, yenye injini ya dizeli. Njia ya kutulia ndege ilikuwa ya nyasi tupu. Nyasi zikirefuka, rubani hatui.

Wiki hiyo mvua zilikuwa zimetoka tu kukatika na nyasi zilikuwa zinakaribia goti. Alhamisi asubuhi ndege ya daktari wa macho ilikuwa ije, na huja mara mbili tu kwa mwaka. Kwenye orodha ya wagonjwa, wa nne alikuwa mama mkwe wake Pangaboi. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, hata akawa anamtambua mkamwana wake kwa kishindo cha miguu tu.

Jumatatu, ilipowashwa kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, mashine ikaanza vituko. Iliwaka vizuri na kukata kama dakika ishirini, halafu nguvu ikaanza kupungua. Sauti ikawa nzito, visu vikazunguka kivivu, injini ikakohoa mara tatu na kuzima. Ikiachwa ipumzike robo saa, inawaka tena kana kwamba haijawahi kuugua, kisha yaleyale.

Msimamizi wa uwanja alisema ni dizeli chafu. Pangaboi akamwaga ile ya zamani, akaweka mpya, akabadilisha chujio la mafuta na kutoa hewa kwenye mipira. Mashine ikakata vizuri, naye akashukuru. Dakika ishirini hazijapita, kimya. Akafungua chujio la hewa, akalikung'uta vumbi mpaka akapiga chafya. Wapi.

Jumanne mumewe akaja kuiangalia. Alikuwa fundi wa magari, mtu mpole wa maneno machache, mwenye gereji yake njia panda. Mvua zilipoanza ndiye aliyeipaka mashine ile rangi mpya ya kijani isiliwe na kutu, bila kuombwa wala kulipwa, kwa kuwa tu mkewe alikuwa akinung'unika inazeeka. Alisikiliza injini ikifa, akajifuta mikono, akasema pampu ya mafuta imechoka. Pampu ilibidi iagizwe, na kufika kwake ni wiki tatu.

Jumatano asubuhi msimamizi akamwita ofisini. Alisema ikifika saa nane njia haijakatwa, atawapigia simu watu wa daktari waahirishe. Pangaboi alikuwa anapiga hesabu kichwani: dakika ishirini za kukata, robo saa ya kusubiri, njia nzima haiishi hata akikata mpaka jioni. Nyumbani mama mkwe alikuwa ameshafunga kibegi chake tangu Jumapili, na kila akisikia mlango anauliza kama ni leo.

Akapanda mashine. Alikata akitazama saa kuliko nyasi. Ilipoanza kulemewa kama kawaida, angepaswa kuizima na kuiacha ipumzike, kama wote walivyofanya siku zile. Lakini kukaa robo saa mikono mitupu kulimshinda. Akasimamisha visu, akaiacha injini ikikohoa, akafungua kifuniko cha tangi aone kama mafuta yamebaki.

Kifuniko kikavuta. Akakizungusha kwa nguvu, na hewa ikaingia tangini kwa mluzi mrefu, fyuuu. Injini ikapandisha sauti palepale, ikaunguruma kama ndiyo kwanza inawashwa.

Alisimama pale, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku tatu. Kisha akakigeuza kifuniko. Katikati palitakiwa kuwa na kitundu kidogo cha kupitishia hewa, maana mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi linayazuia na injini inakosa pumzi, mpaka ipumzishwe na hewa ipenye kidogokidogo pembeni mwa kifuniko. Kitundu hakikuonekana. Kilikuwa kimezibwa na rangi ya kijani, tabaka mbili, iliyopakwa vizuri kabisa. Ndiyo maana kila walipofungua tangi kuongeza mafuta, mashine ilipona kwa muda, na kila mtu akadhani dawa ni yake.

Akachomoa pini kwenye kilemba, akakizibua kile kitundu. Saa nane msimamizi alipotoka na simu mkononi, zilikuwa zimebaki safu sita, naye akairudisha mfukoni.

Jioni alipitia gereji. Njia nzima alikuwa akijaribu maneno, yote makali, na yote yalimpotea alipomkuta mumewe amelala chini ya gari, miguu tu nje.

"Si pampu," alimwambia. "Kitundu cha kifuniko kiliziba."

"Kiliziba na nini?"

"Rangi."

Miguu ikatulia. Mumewe akajivuta akatoka, akaketi chini, akatazama kucha zake.

"Nilipaka mara mbili," alisema.

"Niliona. Imekolea."

Alianza kucheka mume, mkewe akafuata, wakacheka mpaka mwenye gari akaja kuuliza kama limepona.

Ndege ilitua Alhamisi saa tatu. Mama mkwe alifanyiwa jicho la kulia, na Ijumaa muuguzi akamfungua bandeji. Pangaboi alikuwa amezunguka jengo la zahanati mara nyingi kiasi kwamba mlinzi alimuuliza kapoteza nini. Alipoitwa ndani, bibi alimtazama muda mrefu, akamshika shavu.

"Mwanangu, umekonda," alisema. "Na hizo mvi umezitoa wapi?"

Pangaboi alisema si kitu, akamuuliza kama mwanga haumuumizi. Jicho la pili litasubiri safari nyingine ya daktari. Mchana huo alirudi uwanjani kumalizia kingo za njia, kwani tangu rubani atue nyasi zilikuwa zimeshaanza kuchipua.