Kitanda cha Tatu cha Mwandishi

Jumla yake ilikuwa elfu themanini na nane na mia tano. Themanini na tano nilimpa Mmarekani kwa vitu vyote vya nyumba aliyopanga mtaani Muthangari; tatu na nusu zikaenda kwa lori. Kitabu chenye sahihi yake alinitupia kama nyongeza. Nikamwambia sahihi haichemshi chai. Akacheka, lakini bei haikushuka.

Alikuwa mtu wa jina. Riwaya zake nilikuwa nimeziona madirishani mwa maduka ya katikati ya jiji, nene, bei ya moja inanunua stuli mbili kwangu. Mimi nauza fanicha kuukuu kando ya Waiyaki Way, chini kidogo ya Mountain View, na miaka ile ambapo simu ya mkononi bado ilitundikwa shingoni kwa uzi, wazungu wanaohama ndio walikuwa shamba langu. Mzungu anayehama hana muda wa kubishana. Ana ndege.

Kazi yetu ina sheria moja: kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichonunuliwa. Karatasi yake ilisema vitanda vitatu. Nilihesabu viwili. Nikazunguka nyumba tena: viwili. Nikamwambia, mzee, umeniuzia kitanda cha hewa. Akanipeleka mwisho wa korido, akafungua mlango, yeye akabaki nje. Cha tatu kilikuwemo, cha mvule, kizuri kuliko vyote. Juu yake alilala mkewe.

“Kitakuwa wazi hivi karibuni,” akasema kwa Kiingereza chake cha upole.

Nilikuwa nimeshalipa. Huwa nasema hivyo kila ninaposimulia, kana kwamba inasaidia.

Mengine niliyajulia jikoni, Jumamosi niliyokuja na lori na wabebaji wawili. Mama aliyewapikia, mtu wa upande wa Kakamega, alinipa chai akaninyima sukari. Mzee alikuwa anaandikia gerejini, mpishi huyo akaniambia, redio ikiwa juu asisikie kikohozi. Anakula amesimama penye sinki. Chumbani kwa mkewe hajakanyaga tangu Pasaka.

“Na unajua anaandika nini? Mume anayemuuguza mkewe. Juzi amekuja hapa kuniuliza dawa za mama zinaitwaje.”

“Ukamwambia?”

“Nikamwambia zimeandikwa kwenye chupa. Chupa ziko chumbani.”

Jumatatu mzee angepanda ndege kwenda kwao kwa shughuli za kitabu. Nyumba ilikuwa imelipiwa mwezi mmoja zaidi, lakini mkewe, ambaye hakuweza tena kusafiri, angepelekwa mchana uleule wa Jumamosi kwenye nyumba ya wagonjwa, kwa sababu kitanda kimeuzwa. Yeye hakutaka. Alikuwa amemwambia mpishi atafia hapo, akisikia birika lake likichemka. Birika nalo lilikuwa kwenye karatasi yangu.

Nikaitwa chumbani kwake.

“Wewe ndiye mwenye kitanda yangu?” Kiswahili chake alikuwa amekiokota jikoni kwa miaka sita.

“Ndiyo, mama. Pole.”

“Pole ni shilingi ngapi? Nikodishie. Siku thelathini.”

Mdomo wangu ulijibu kabla yangu. “Mia mbili kwa siku.”

“Mia mbili! Kitanda ya mtumba, na imelaliwa na mgonjwa? Hamsini.”

“Mama, hii ni mvule.”

“Na mimi ni mifupa. Siivunji. Themanini.”

Tulifunga kwa mia na ishirini, birika likiwa ndani ya bei. Alitoa elfu tatu na mia sita chini ya mto, akahesabu, akahesabu tena, bila kukosea. Kisha akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na mpishi akaja kumwinua.

“Usimwambie mzee,” akasema alipopata pumzi. “Ataiandika. Hii ni yangu.”

Mpishi akaenda gerejini kusema kwamba mwenye kitanda atakifuata baadaye, basi mama abaki. Mzee akajibu sawa. Redio haikupunguzwa.

Mkewe alikufa siku ya kumi na moja. Pesa za siku kumi na tisa zilizobaki nilimpelekea mpishi. Alizihesabu mbele yangu, akasema, “Na hizo elfu moja mia tatu na ishirini ulizokula, zikutulie tumboni.” Kitanda nilikichukua, nikakiuza kwa faida. Hapo sina la kuongeza.

Mzee alirudi kwa mazishi. Kesho yake alikuja kibandani kwangu na kijitabu mkononi. Mpishi alikuwa amemwambia niliingia chumbani ile Jumamosi, basi. Alitaka kujua mkewe alisema nini. Nikamjibu alikuwa amelala. Akaliandika hata hilo.

Ilipita miaka minne. Wiki iliyopita mpishi aliniletea barua ya mzee, mwandiko umepinda kama wa mtoto. Anasema macho yamekwisha, vitabu ameacha. Haulizi maneno tena. Anauliza tu kama mkewe alicheka hata mara moja kabla ya kufa, na anaomba nisimfiche.

Jibu ninalo. Ila aliyenipa alinikataza, na mwandishi akikuambia ameacha kuandika, sijui huaminiwa kwa kiasi gani. Wewe uliyesoma mpaka hapa, nishauri: nimpelekee kurasa hizi, ama nimwachie marehemu kilicho chake?