Kalamu ya Imogene

Jirani yangu Delbert Stamper ana kalamu thelathini na moja, na hakuna hata moja anayoandikia. Ukimwomba ya kuweka sahihi risiti ya posta, atakutolea penseli. Zote zilitia sahihi sheria mikononi mwa marais, na amezipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, mlimokuwa na vyombo vya mkewe.

Nilimcheka miaka mingi. Nilimwambia mchimba makaa ya mawe kama yeye na kalamu za marais wapi na wapi. Alinikatia mkate wa mahindi, akaendelea kusoma orodha za minada. Siku aliyonieleza kisa chake, nilifunga mdomo, na sijaufungua tena kwa jambo hilo.

Mkewe, Imogene, alifiwa na baba yake kwa vumbi la mgodini. Kwa miaka kumi na moja aliandika barua Washington kudai sheria ya vumbi, akizipiga taipu juu ya meza ya jikoni. Sheria ikapita, naye akaalikwa Ikulu. Sasa, rais hatii sahihi kwa kalamu moja. Hushika hii akaandika kipande cha herufi, akaiweka, akashika nyingine, kisha huzigawa kwa waliosimama nyuma yake. Lakini rais yule jina lake lilikuwa fupi. Kalamu zilikuwa tisa tu, na ya mwisho ikaenda kwa mtu aliyemtangulia Imogene. Alirudi nyumbani na picha tu, ambamo mkono wake umenyooka hewani, mtupu. Mbele za watu aliicheka. Delbert alimsikia akilia bafuni.

Akamwahidi kwamba atamtafutia moja ya zile tisa. Miaka sita iliyopita Imogene akafariki, ahadi bado iko palepale. Zile thelathini na moja ni za sheria nyingine, za barabara, za ngano, za mbuga. Alizinunua ili wauza kalamu wamzoee, siku ile moja ikitokea wamkumbuke.

Mwezi wa Machi akaja mama mmoja kutoka Ohio, Nadine Prewitt, na kiboksi mkononi. Alikuwa ameona tangazo la Delbert katika jarida la wakusanyaji. Nilikuwepo. Alikaribishwa kiti akakataa.

"Bwana Stamper, aliyesimama mbele ya mkeo ni mimi," alisema. "Nilikuwa karani tu wa mbunge. Hiyo sheria hata sikuwa nimeisoma. Nilinyooshewa kalamu, nikapokea."

Ningekuwa Delbert, ningemwonyesha mlango. Yeye aliuliza tu kalamu hiyo iliandika nini.

"Nukta," alisema Nadine. "Ile ya juu ya herufi i. Basi, hamna kingine."

Delbert akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

"Barua zangu za uchumba zote Imogene alinirudishia amezitia nukta," alisema. "Mimi nilikuwa nazisahau. Kaa, mama, ule maharage."

Nadine hakutaka malipo. Alikula, akaaga. Delbert akafungua kiboksi, akaitoa kalamu kwa vidole viwili vyenye makovu ya makaa. Nilidhani anaipeleka kabatini, lakini aligeukia jikoni, kama alivyozoea zamani barua ya Washington ikifika.

"Imogene," aliita, "njoo uione."

Nikainamia sahani yangu, maana uso wake ulikuwa bado unasubiri ajibiwe.