Mstari Uliokosekana Malaba

Niliandika programu ile kwa lugha ya C, kwa ajili ya ofisi ya mawakala wa forodha yenye chumba kila upande wa mpaka wa Malaba. Kompyuta ya upande wa Uganda ilituma orodha za mizigo, ya upande wa Kenya ikazipokea, ili hati zilitangulie lori.

Chuoni nilifundishwa kutoipachika ndani ya programu namba ya poti, yaani mlango ambao kompyuta mbili huwasiliana kupitia kwake. Unaipa huduma jina, kisha unaita getservbyname, nayo inalitafuta jina hilo katika faili la /etc/services na kukurudishia namba. Jina lisipokuwemo, hurudisha patupu, na ni juu yako kukagua. Mimi sikukagua. Jina la huduma yetu nililiandika katika kompyuta yangu Tororo na katika ile ya ofisi upande wa Uganda. Siku niliyopaswa kuvuka kuliandika upande wa Kenya, malori yalikuwa yameziba njia na jua lilikuwa kali. Sikuvuka; nikaituma programu peke yake kwa mtandao, nikampigia bosi simu: "Pande zote ziko tayari."

Jumatatu, upande wa Kenya, programu ilianguka kila ilipowashwa. Nilipofika, madereva walikuwa wamejaa mlangoni.

"Komputa yenu imelala, na sisi tulale wapi?" mmoja aliuliza, wenzake wakacheka.

Karani wa pale alikuwa mama mmoja wa Kisoko, upande wa Uganda, aliyevuka kila asubuhi kuja kazini. Alinipisha kitini. Nililiona kosa mara moja: mstari wangu haukuwemo. Niliuongeza, programu ikaanza kufanya kazi, na bosi, aliyeniita mwalimu kama wengine pale, akauliza nyuma yangu, "Ilikuwa nini, mwalimu?"

"Kuna mtu amechezea faili," nikasema.

Kompyuta ile ilikuwa na mtumiaji mmoja tu.

"Mimi hapana gusa kitu, mwalimu," mama alisema. "Nimekuta hivyo." Alinitazama mimi, si bosi, kama mtu anayemngoja shahidi wake. Nikaendelea kufunga begi. Kufikia Ijumaa alikuwa amefukuzwa.

Nimejaribu kujiambia kwamba niliogopa kupoteza kazi. Si kweli, wasingepata mwingine kwa urahisi, na nilijua. Niliona haya kusema kwamba sikuvuka, basi.

Baada ya mwezi nilikwenda kwake Kisoko. Alikuwa akianika karanga uani. Nilimweleza yote, pamoja na faili na jua.

"Kwa hivyo ulijua siku ile ile?"

"Nilijua nikiwa nimekaa kwenye kiti chako."

"Na bosi umemwambia?"

"Bado, mama."

Aliendelea kutandaza karanga. "Basi umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu. Mimi siwezi kujirudisha kazini. Nenda."

Nilivuka siku hiyo hiyo. Nilimwambia bosi mbele ya wote, nikitaja jina la faili, mstari, na simu niliyompigia. Alinyoosha kidole kwa binti aliyekuwa kwenye kiti cha mama, mwenye wiki tatu kazini.

"Sasa unataka nimfukuze na huyu?"

Binti aliacha kuchapa, akanigeukia. Nje lori liliitwa, naye akarudi kwenye orodha zilizokuwa zikiingia, moja baada ya nyingine, bila hitilafu yoyote.