Ulimi wa Nyumba

Kwa mama mkwe wangu, pale mtaa wa Jabe nyuma ya soko, sebule haikuwa sebule. Ilikuwa mahali pa kuonjea. Viti vya mbao vilipangwa ukutani, meza ndogo katikati, pazia la kijani mlangoni, na mgeni akiingia hakuulizwa habari za watoto kabla hajaulizwa anataka ya jana au ya juzi. Tulitengeneza urwarwa, mvinyo wa ndizi, na watu walikuja kuonja kwanza, kisha wachukue chupa waende nazo. Walikuja makarani wa mjini, wanawake wa sokoni, mafundi wenye grisi mikononi. Barabara ikiwa wazi, hata watu wa Musaga walipanda basi dogo wakaja, wakidai kwamba huko kwao wanatia maji mengi.

Kazi ya kutengeneza ilikuwa ya mama mkwe. Aliziweka ndizi mbichi kwenye shimo uani, akazifunika majani mpaka zikaiva, akazimenya na kuzikamua kwa nyasi mpaka maji yakatoka mazito. Alichuja, akatia unga wa mtama uliokaangwa, akaacha uchachuke. Hakuniruhusu kugusa hata nyasi. Alisema mikono yangu ni ya mtu aliyesoma, inaharakisha mambo.

Kazi yangu mimi ilikuwa moja tu, kuonja. Kwetu mtu hampi mgeni pombe kabla ya yeye mwenyewe kunywa mbele yake. Anapiga funda, anameza, anafuta kikombe, ndipo anampa. Zamani ilikuwa adabu tu, mtu aliifanya huku akizungumza mengine. Vita vilipoingia mjini, na majirani wakaanza kutazamana mikono kwa kuogopa sumu, adabu ile ikawa sheria. Wageni walinyamaza kabisa nikinyanyua kikombe. Walitazama koo langu.

Mama mkwe alionja mwenyewe miaka yote, mpaka vidonda vya tumbo vilipomwangusha uani akitapika damu. Mganga wa dispensari alimwambia waziwazi kwamba pombe kwake imekwisha, na kwamba akirudia, damu ikianza tena huenda isisimame. Mume wangu angeweza kushika nafasi yake, lakini alikuwa ameshakimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka. Vijana wawili walikuja kumuulizia gereji alikofanya kazi, naye hakungoja waje mara ya pili. Alisema anakwenda kwa wiki moja. Miezi ikapita.

Basi nikabaki mimi, mwanamke ambaye hakuwahi kuipenda pombe. Nilichoka kuwa ulimi wa nyumba ya watu.

Tuliwahi kujaribu njia nyingine. Siku moja nilikuwa na homa, mama mkwe akamwomba jirani yetu, mwanamke mwema kabisa, aje aonje badala yangu. Mgeni siku hiyo alikuwa mzee mmoja karani mstaafu, mtu wa koti na tai hata jua likiwaka. Alitazama jirani akinywa, akakiacha kikombe mezani.

"Mi sikatai, mama," alisema. "Lakini ule si mutu ya nyumba. Akikosea, yeye anarudi kwake. Mukazana wako yuko wapi?"

Wakanitoa kitandani, mimi mke wa mwanawe, nikajifunga kitenge, nikaenda kuonja na homa yangu. Mzee akashukuru, akanywa, akasema ina ukali kidogo mwishoni lakini haina uongo. Alisema hivyo kila mara, kwa kila mvinyo, akifumba macho kama padri. Alidai aliwahi kuonja divai za Ubelgiji na kwamba zetu hazina cha kuonea haya. Nilimchukia kwa upole, maana alikuwa mteja mzuri na hakuwahi kupandisha sauti.

Siku niliyoelewa hali yangu vizuri ilikuwa siku ya milio ya risasi sokoni. Ilianza asubuhi, wageni wakiwa wameshakaa. Tulifunga mlango, tukasogeza meza, kila mtu akakaa chini kando ya ukuta. Kutoka haikuwezekana, wanajeshi walikuwa wameziba barabara pande zote mbili. Halafu mwanamke mmoja muuza vitenge akasema kama ni kufa, yeye hafi na kiu, na chupa zikaanza kutembea.

Kila chupa ilipofunguliwa, kikombe kilikuja kwangu kwanza. Nilisema hii imetoka chungu kimoja na ile ya kwanza, jamani, nimeshaonja.

"Apana, mutoto yangu," alisema mzee wa koti, akiwa amekaa sakafuni na tai yake. "Iyo ni chupa ingine. Haujaionja."

Nikaonja. Nje watu walikuwa wanapigana risasi, ndani mimi nalewa kidogokidogo kwa ajili ya amani ya wageni. Muuza vitenge alianza kucheka bila sababu, kisha akalia, kisha akalala. Ilipofika alasiri, barabara ikafunguliwa, wakajipangusa vumbi, wakaaga vizuri, wakaondoka na chupa zao. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wanavyotoka. Wote walikuwa wamefungiwa siku moja. Mimi nilikuwa nimefungiwa mule ndani tangu mama mkwe augue, na hakuna barabara ambayo ingefunguliwa kwa ajili yangu. Niliingia nikaosha vikombe, nikavitupa ndani ya beseni kwa hasira hadi kimoja kikatoka kishikio.

Si kwamba mama mkwe alinizuia kwa maneno. Sikuwahi kusikia neno "baki" kinywani mwake. Aliita tu, "Mukazana, wageni," na mimi nikaenda. Bila mtu wa nyumba wa kuonja, hakuna mgeni ambaye angekunywa, na bila wageni asingekula. Alijua, na nilijua kwamba anajua. Nilimwambia twende wote Uvira. Alinijibu huku anakamua ndizi.

"Nikafanye nini Uvira? Nikitoka hapa leo, kesho batu bengine balishaingia. Baba wa bwana wako alikufa mu nyumba hii."

Hapo alikuwa sahihi, na ndilo lililoniudhi zaidi. Nyumba zilizoachwa hazikukaa wazi hata siku mbili.

Ndipo akaja mama mmoja muuza ndagala, aliyekuwa akienda na kurudi Gatumba, karibu na mpaka, na samaki wake. Alinikuta uani. Mama mkwe alikuwa hatua chache tu, ameinamia beseni.

"Bwana wako anasema ukuje," alisema yule mama, bila kunong'ona. "Jumamosi gari ya ndagala inarudi Gatumba. Shofere anajuana na basoda bale ba bariere ya barabara. Ikipita hiyo, mi sijui ingine ni lini."

Nilimtazama mama mkwe. Mikono yake ilisimama ndani ya nyasi, halafu ikaendelea.

"Wageni bako mu nyumba," alisema. "Enda uonje."

Wiki ile sikulala vizuri. Nilifunga nguo zangu kwenye kitenge, nikazifungua, nikazifunga tena. Nilimtamani mume wangu mpaka nikaona haya. Niliogopa vijana wale wa gereji, niliogopa barabara ya Gatumba, na zaidi ya yote niliogopa kwamba Jumamosi ingepita na mimi nimekaa palepale na kikombe mkononi. Mama mkwe hakuligusa jambo hilo. Tulikula pamoja maharage na ugali, tukazungumza habari ya mtama uliopanda bei.

Jumamosi wageni walijaa mapema. Mzee wa koti alikaa kwenye kiti chake cha karibu na dirisha. Muuza vitenge naye alikuwepo, amekuja na dada yake aliyetaka kuonja kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, furushi langu nimeliacha nyuma ya pazia, nikijiambia nitaonja mara moja hii, kisha nitajua la kufanya. Kupitia dirishani niliona mama wa ndagala amefika kwenye lango. Hakuita. Alisimama tu na beseni lake tupu.

Mama mkwe akaingia na chupa, akaifungua, akamimina. Nikanyoosha mkono kama kawaida.

Hakunipa. Alikinyanyua kikombe yeye, akanywa. Hakuramba tu, alipiga funda kubwa, la mtu anayetaka kuonekana, akameza, na koo lake likapanda na kushuka mbele ya wote. Akafuta kikombe kwa pindo la kitenge chake.

"Leo ninaonja mi," aliwaambia wageni. "Mukazana anaenda soko."

Hakuna aliyeuliza mtu anaendaje sokoni na furushi la nguo, lile lililoonekana chini ya pazia. Walitazama chini, wakatazama kikombe. Nilitaka kumshika mikono, nilitaka kumpigia kelele akumbuke neno la mganga, nilitaka kumwambia asithubutu kunifanyia hivyo mbele ya watu. Alikuwa amenipa mgongo. Nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mtu, na nilimkasirikia vivyo hivyo.

"We unangoja nini?" alisema bila kugeuka. "Soko inafunga."

Nikachukua furushi, nikatoka. Nyuma yangu mzee wa koti alipokea kikombe, akafumba macho kama kawaida yake, halafu akasema ya leo ni nzuri kupita ya juzi. Mama wa ndagala akanifungulia lango. Nilipolivuka nilimsikia mzee akiomba chupa nyingine, na mama mkwe akamjibu, kwa sauti ileile ya kila siku, kwamba inakuja.