Ushuhuda wa Mama Vioo

Kanisani walimwita Mama Vioo, kazini wakamwita Mchungaji. Ndivyo watu walivyo, hawatulii mpaka wakubandike jina la kule ulikotoka. Mwenyewe aliitikia yote mawili, maana hakuona sababu ya kuchagua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameinamia hadubini ya kituo cha afya, katika chumba chenye dirisha moja na sinki lililobadilika rangi kwa kumwagiwa dawa za kupaka vioo vya vipimo. Miaka hiyohiyo hakukosa ibada ila Jumapili za uzazi, na hata hizo alizinung'unikia.

Tena sayansi kwake haikuwa ya kutafutia mkate tu. Vitabu vya elimu ya viumbe alivisoma kama wenzake wanavyosoma barua za mchumba, penseli mkononi, akipigia mistari. Mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumuuliza, kwa sauti ya mtu anayetega mtego, kama kweli anaamini Mungu aliumba kila kitu.

"Naamini, mzee wangu," alimjibu. "Mimi nimeona hata vile usivyoviona wewe. Vimetengenezwa vizuri, na vingine vizuri mno mpaka vinatuua."

Mzee akakohoa kidogo, akaenda kupanga viti.

Basi, Mama Vioo alikuwa na wifi yake, mke wa kaka yake, kiongozi wa kwaya, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mawifi wengine hupikiana majungu. Hawa walipendana mpaka kaka mtu akalalamika kwamba tangu aoe hana dada tena. Kwa hiyo wifi alipoanza kukohoa, na kikohozi kikapitiliza wiki tatu, Mama Vioo ndiye aliyemburuta mpaka kituoni, na ndiye aliyeviona chini ya hadubini: vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa bluu, tele. Kifua kikuu. Alilia palepale juu ya kigoda chake, akanawa uso, akaandika majibu, maana foleni ilikuwa bado ndefu.

Wifi akaanzishiwa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili ulipoisha akaleta makohozi mengine yapimwe. Utaratibu unataka sehemu mia za kioo zitazamwe. Mama Vioo alitazama mia, akarudia mia, akaongeza mia ya tatu kwa mapenzi tu. Hakuona hata kijiti kimoja. Hapo ndipo alipoteleza, tena kwa kosa ambalo kila siku alikuwa akiwagombeza wenzake kwalo. Kazi ya mtu wa maabara ni kuandika kwamba vijidudu havikuonekana, karatasi iende kwa daktari, na daktari ndiye amweleze mgonjwa kwa utulivu maana yake ni nini. Yeye alifungua mlango, akamkumbatia wifi yake kwenye korido mbele ya watu.

"Hamna kitu, wifi! Hamna hata kimoja! Bwana asifiwe!"

Wifi amsubiri daktari wa nini tena? Alitoka getini anaimba.

Jumapili ya pili yake, wakati wa ushuhuda, akapita mbele na gauni jipya, akashika kipaza sauti. "Madaktari walisema miezi sita," alisema, "Mungu akasema miwili! Vidonge nimevitumbukiza chooni, leo siku ya kumi! Na shahidi ninaye, kaona kwa macho yake. Wifi, simama uwaambie!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele, na mpiga kinanda naye hakutaka kuachwa nyuma. Mama Vioo alisimama. Furaha ile aliijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeigawa. Alijua pia kwamba vijidudu vikibaki vichache hadubini haivioni, na kwamba vinavyobaki ndivyo vikaidi, vinaweza kurudi vikiwa vimeshaizoea dawa. Akisema, atamwaibisha wifi yake mbele ya kanisa zima. Akinyamaza, huenda akamzika.

"Bwana asifiwe," alianza.

"Ameni!"

"Naomba radhi. Nilimdanganya wifi yangu."

Kinanda kikanyamaza.

"Sikukusudia. Nilitazama, sikuona kitu, na nikamshukuru Mungu kwa machozi. Lakini nilimwambia hamna. Mimi sijui kama hamna! Chombo changu kinaona vikiwa vingi tu. Nakipenda sana, lakini si Mungu kile. Na mimi nilisema kama Mungu, kumbe ni mtu wa maabara tu."

"Imani, dada! Imani!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Imani ninayo, ndugu yangu. Ndiyo maana naogopa kumwekea Mungu maneno mdomoni."

Wifi bado alikuwa na kipaza sauti, na swali lake likasikika mpaka nje. "Kwa hiyo unasema sijapona?"

"Nasema unapona, wifi. Mungu anakuponya, na vile vidonge vimo katika mkono wake. Imebaki miezi minne. Nakupenda, sitaki kukuzika."

Mchungaji mwenyewe wa kanisa aliona njia ya kujiokoa ni wimbo, akaomba wimbo. Wa kuuanzisha hakuwepo. Kiongozi wa kwaya alikuwa amekwisha kutoka mlango wa pembeni.

Jumatatu Mama Vioo alimweleza daktari kosa lake lote. Daktari alimkaripia alivyostahili, akaagiza mgonjwa aje upesi. Kaka mtu akafikisha ujumbe, akarudi na jibu la mkato: mkewe haongei. Siku hiyo ikapita, Jumanne ikapita. Mama Vioo alipaka vioo, akatazama, akaandika, na kila mlango ulipolia aligeuka.

Jumatano saa nne wifi aliingia, akabaki amesimama.

"Umenitia aibu," alisema.

"Najua, wifi."

"Mbele ya watu mia tatu."

"Najua."

"Nataka kuviona."

Vioo vya kifua kikuu havitupwi mara moja, hutunzwa sandukuni ili vije kukaguliwa. Mama Vioo akamvalisha barakoa, akatafuta kile cha kwanza kabisa, akakiweka sawa, akampisha kwenye kigoda. Wifi aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Vyote hivi vilikuwa kifuani mwangu?"

"Vyote, na zaidi."

"Na Jumapili zile za kikohozi niliimba."

"Uliimba, wifi. Nilikuwepo."

Wifi akainua kichwa, macho yamelowa. "Nipeleke kwa huyo daktari wako. Ila kwanza tuombe. Anza wewe."

Mama Vioo alifumba macho, akasema "Bwana," na hapohapo akaanza kulia, akashindwa kuendelea. Wifi akamshika mkono, akaomba yeye, kwa sauti ya chini.

"Bwana, msamehe wifi yangu kwa kunidanganya. Na mimi unisamehe, maana uongo wake niliupokea kwa vigelegele, na ukweli wake nikaukimbia."

Kisha wakatoka wote wawili, wakakaa kwenye foleni ya daktari kama watu wengine.