Kebo ya matabishi iliyoua internet ofisini kwangu Baraka

Wakuu, salamu kutoka mjini Baraka. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na shahidi ni mke wangu, ambaye hakubali hata nusu yake.

Nina secrétariat public: kuchapa, scan, kutuma dossier kwa internet.

Nilishuka Uvira kununua switch ya pili, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwa kebo. Muuzaji akaleta mbili. Moja ghali, eti ina spanning tree. Nikamuuliza huo mti unazaa nini. Nikachukua ya bei ya chini, na bado nikadai matabishi, nyongeza ya mnunuzi. Akanitupia kebo fupi ya bure.

Nilitoka pale mshindi.

Ofisini nikaunga switch mpya na ya zamani kwa kebo moja. Kazi ikaenda. Ile ya matabishi ikabaki mezani.

Sasa mke wangu, Mama Riziki, hapendi kitu kikae bure. Asubuhi moja akaona kila switch ina tundu wazi. Akachomeka kebo, huku na huku. Taa zikawaka, akaridhika, akaendelea kufagia.

Mbele yangu alikaa mteja, Mama Asende wa Lweba. Dossier ya binti yake ya kuingia shule ya uuguzi, mwisho saa sita mchana.

Faili ilikuwa inapanda mtandaoni. Ikasimama. Kompyuta zote kimya.

Nikazima modem, nikawasha. Nikampigia anayetuuzia internet, nikamtukana kwa heshima.

"Huku iko bien, papa. Angalia kwako."

Mama Asende akanigeukia. "Baba Riziki, mutoto akikosa, ni mwaka muzima ya kulima na mi. Iko nini?"

"Iko inakuya, mama."

Hakuna kilichokuwa kinakuja.

Ndipo nikatazama switch. Siku zote kila taa inapepesa kivyake. Leo zote zilipepesa pamoja, mbio, kama kwaya yenye mwalimu mkali.

Nikachomoa kebo moja moja. Kufika ile fupi, taa zikatulia. Nikairudisha ili kuhakikisha. Zikaanza tena.

"We! Uache hiyo kintu!" Mama Asende alishasimama.

Nikaichomoa, nikaitupa mezani. Dossier ikapita, saa sita ikiwa mlangoni. Binti leo yuko mwaka wa kwanza.

Fundi mmoja wa Nundu alinifafanulia. Kuna ujumbe unaotumwa kwa mashine zote. Ukikuta njia mbili kati ya switch, unazunguka bila kuchoka na kuongezeka, mpaka kingine hakipiti. Ndiyo loop. Spanning tree inaiona njia ya pili, inaifunga, na kuifungua tu ya kwanza ikikatika.

Nikarudi Uvira. Ile switch ghali ilikuwa imepanda bei. Muuzaji alinikumbuka vizuri. Nikalipa. Matabishi, hakuna.

Leo kebo zote mbili zimechomekwa. Ya pili ina taa ya njano: imefungwa, inangoja panya wamalize ya kwanza.

Mama Riziki aliinama kuitazama. "Njo kusema tulilipa pesa mingi juu ya kufunga kebo ya bure?"

"Ndiyo."

Basi wakuu, kabla ya kupunguza bei, ulizeni kinachopunguzwa pamoja nayo. Na mwenye jibu zuri zaidi la kumpa Mama Riziki aliandike hapa chini. Atalisoma mwenyewe.