Bendera Nyekundu Mlangoni

Baba alipostaafu kazi ya reli, alihamishia stesheni nzima nyumbani kwetu Kintinku: kengele, taa, bendera na kofia iliyotafunwa na mende. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kitanda kilibaki, kengele ikapanda lori. Huko, kila mchana aliigonga kudai ugali. Treni zake hazikuwahi kufika kwa wakati, lakini ugali, lo, huo ulitakiwa ufike kwa saa!

Siku moja mama, ndiyo kwanza ametoka shamba la kijiji na jembe begani, alichukua bendera nyekundu akaichomeka kwenye mlango wa jiko. Mtu wa reli havuki bendera nyekundu, hata kwa njaa. Baba akavaa kofia yake, akakaa, akausubiri ugali hadi jioni, kama sisi tulivyozoea kuzisubiri treni zake.